Mungu asiye na wivu, ndiye mnayemtaka?

(Haya ni maneno niliyoongea kwenye semina ya vijana na wanandoa wachanga, mada niliyopewa ilikuwa wivu wa Mungu. Nimeyaandika karibu vilevile, nimepunguza utani kidogo tu.)

Bwana Yesu asifiwe. Amina. Wazee wangu, baba mchungaji na mama mchungaji, wadogo zangu, shikamooni kwa wanaostahili na wengine mambo vipi.

Mada hii mmeileta wenyewe kupitia kwenye grupu la WhatsApp. Mmoja wenu aliuliza swali zuri sana na wengine mkaanza kumrushia emoji za kucheka, mimi sikucheka maana ni swali la mtu anayesoma. Kauliza hivi, Wagalatia 5:20 wivu umewekwa kwenye matendo ya mwili, foleni moja na uchawi na ugomvi, halafu nikirudi Kutoka 20:5 Mungu mwenyewe anajitambulisha kwamba ni Mungu mwenye wivu, na Kutoka 34:14 ndio kabisa anasema jina lake ni Mwenye wivu. Sasa sisi tukatazwe kitu ambacho Mungu anakifanya jina?

Na mjue hilo swali halijaanza na kizazi cha bando. Kaisari Juliano wa Roma, yule aliyelelewa kanisani halafu akauacha Ukristo, alitawala mwaka 361 mpaka 363, aliwashambulia Wakristo kwa hoja hiyohiyo, kwamba mtu akiitwa mwenye wivu mnamlaumu, ila Mungu akiitwa hivyo mnaona ni sifa. Miaka zaidi ya 1600 baadaye Oprah Winfrey naye kasimulia kwamba alikuwa kanisani akiwa binti wa miaka ishirini na kitu, mhubiri anahubiri sifa za Mungu, kafika kwenye Mungu mwenye wivu, na hapo kuna kitu kikamkatikia moyoni. Kaisari na mtangazaji wa tivii, swali moja. Kwa hiyo ndugu aliyeuliza usijisikie vibaya, uko kwenye kampani kubwa.

Wahubiri wengi wakifika hapa wanakimbia. Wanasema aah, huo sio wivu wivu, ni lugha tu, wanapita haraka wanaenda kwenye sadaka. Mimi nataka leo nifanye kinyume, nisiulainishe, nataka tuutazame ukiwa mkali vilevile halafu tuone kama tungependa kuwa na Mungu ambaye hana.

Fungueni Ezekieli 8. Naipenda hii sura na naichukia.

Ezekieli ni kuhani, lakini kuhani asiye na hekalu, maana amechukuliwa mateka kwenda Babeli pamoja na mfalme Yehoyakini mwaka 597 kabla ya Kristo. Yuko huko kando ya mto Kebari, mkimbizi tu. Mwaka wa sita wa uhamisho, wataalamu wanaupiga kuwa 592, amekaa nyumbani kwake, wazee wa Yuda wamekaa mbele yake, ghafla anashikwa nywele za kichwa, ndio imeandikwa hivyo, kishungi, anapelekwa kwa maono mpaka Yerusalemu kwenye hekalu ambalo hajaliona miaka yote hiyo. Mtu una hamu na nyumbani, unarudishwa, na kitu cha kwanza unachooneshwa pale lango la kaskazini ni sanamu. Na hiyo sanamu haikupewa jina la mungu wake, imeitwa sanamu ya wivu, ile inayotia wivu. Iko mlangoni kabisa, haijafichwa uvunguni.

Anaambiwa subiri, utaona makubwa zaidi ya haya. Anaoneshwa tundu ukutani, anaambiwa toboa, anatoboa, anakuta mlango. Ndani ukuta wote umechorwa wadudu watambaao na wanyama wachukizao, na wazee 70 wa Israeli wamesimama kila mmoja na chetezo mkononi, moshi wa uvumba umejaa. Wazee 70! Hiyo ndiyo idadi ileile ya wazee waliopanda mlimani na Musa wakala na kunywa mbele za Mungu, Kutoka 24. Na katikati yao kuna mmoja anatajwa kwa jina, Yaazania mwana wa Shafani. Kama ni Shafani yule mwandishi, na wasomi wengi wanaona ndiye, basi baba yake ndiye aliyemsomea mfalme Yosia kile kitabu cha torati kilichookotwa hekaluni, Yosia akararua mavazi yake na nchi nzima ikatengenezwa. Ndugu yake Ahikamu ndiye aliyemkingia Yeremia kifua asiuawe. Yaani huyu sio mpagani wa mtaani, huyu ni mtoto wa nyumba ya uamsho, mtoto wa kwaya, kakulia kwenye Biblia kabisa, leo yuko gizani anafukizia mijusi.

Na hapa ndipo nilipotaka tufike. Mstari wa 12. Mungu anamwambia Ezekieli, umeona wanayoyafanya gizani, kila mtu chumbani kwake? Maana wanasema, BWANA hatuoni, BWANA ameiacha nchi hii.

Someni tena taratibu. Hao wazee hawakusema Mungu hayupo, wala hawakusema ni mdogo. Walisema ameshatuacha. Na ukiangalia hali yao unaweza kuwaelewa, mfalme kachukuliwa, vijana wenye akili wamebebwa, Babeli anakaba koo, Misri anawapa ahadi za uongo, na mbinguni kimya. Kwa hiyo wakafanya anachofanya mtu aliyeachwa, wakaanza kutafuta kwingine. Kina mama pale langoni wanamlilia Tamuzi, mungu wa huko Mesopotamia, na wanaume 25 wameligeuzia hekalu migongo wanalisujudia jua. Kila mlango uligongwa.

Mungu wa wale wazee ndiye Mungu asiye na wivu. Hebu mfikirieni vizuri. Haoni, hajali, umeenda kwa nani jana usiku hakumhusu, ukirudi sawa usiporudi sawa. Wengi tunadhani huyo ndiye Mungu mstaarabu, wa kisasa, hana presha na mtu. Lakini ndani ya ile sura wazo hilo ndilo lililowapeleka kwenye chumba cha giza. Walikata tamaa ya kupendwa kwanza, sanamu zikafuata. Sanamu ya wivu pale mlangoni ilikuwa inawaambia kinyume cha walichokiamini, kwamba kuna Mtu hapa anaumia. Hata aliyepoa kabisa kwenye ndoa anajua, siku mwenzio anajua umelala wapi na hata hashtuki, hapo hakuna ukomavu, hapo pamekufa.

Ndio maana Biblia inaleta wivu palepale kwenye agano. Kutoka 20 haianzi na mstari wa tano, inaanza na mimi ndimi BWANA Mungu wako niliyekutoa katika nchi ya Misri, katika nyumba ya utumwa. Katoa kwanza, kaoa kwanza, ndipo akasema sitaki mwingine. Na Yoshua 24 inanifurahisha sana, watu wako Shekemu wanaapa kwa mbwembwe tutamtumikia BWANA, Yoshua badala ya kupiga makofi anawaambia hamwezi, yeye ni Mungu mtakatifu, ni Mungu mwenye wivu. Ni kama anawatahadharisha kabla ya kusaini, mkiingia hapa mjue huyu hagawani. Wakasema tunaingia. Kwa hiyo wivu wa Mungu haumfuati mpita njia, uko kwa watu waliokula kiapo naye na yeye akala kiapo nao. Ule wivu wa Wagalatia 5 ni mambo mengine kabisa, pale mtu anataka cha mwenzake, jirani kajenga wewe hulali, au anang'ang'ania mtu kama mali. Mungu hajawahi kutamani cha jirani, maana jirani hana kitu ambacho hakutoka kwake.

Kuna mtu atasema, sawa, lakini si inamaanisha Mungu ana hofu ya kunyang'anywa? Augustino, askofu wa Hippo kule Afrika ya Kaskazini, alilijibu hili kwa kifupi mwishoni mwa karne ya nne, kwenye maombi anamwambia Mungu, una wivu lakini huna wasiwasi. Mimi sijaona mtu aliyeliweka vizuri kuliko hapo. Wivu wetu sisi chanzo chake ni wasiwasi, unajiona hutoshi, unaogopa kuchekwa, unaogopa kuzeeka peke yako, ndio maana unahangaika na paswedi ya simu ya mtu saa nane usiku. Mungu akikosa ibada ya Yerusalemu hapungukiwi kitu. Anayepungukiwa ni Yerusalemu. Mzazi ambaye mtoto wake ameanza kutumia unga, akisema ni maisha yake acha ajiamulie, hatumuiti mpole, na yule anayewavaa wauza unga mlangoni kwao akiwa kandambili hatumuiti mbinafsi, si ndio? Anachokilinda sio heshima yake pale.

Sasa angalieni wivu huo unafanya nini. Sitaki niwadanganye, unaadhibu. Ezekieli 16 na 23 ni sura ambazo kanisani hatuzisomi kwa sauti watoto wakiwepo, zina lugha kali ya mume aliyesalitiwa, na miaka michache tu baadaye, 587 au 586, Yerusalemu ukaanguka na hekalu likachomwa moto. Sizipambi hizo sura. Lakini muone na hiki, kwenye 8:6 Mungu anasema wanafanya haya ili mimi niende mbali na patakatifu pangu, na sura ya 10 na 11 utukufu unaondoka hatua kwa hatua, unatoka juu ya makerubi unasimama kizingitini, unaenda lango la mashariki, unasimama kwenye mlima upande wa mashariki wa mji. Anatoka kwake. Mwenye nyumba ndiye anayehama, na anahama kwa kusitasita, anasimama, anasimama tena. Na sura ya 11:16 anasema amekuwa patakatifu kwa muda kidogo kwa hao waliotawanywa kwenye nchi za mbali, maana yake kawafuata uhamishoni walewale.

Halafu nabii Hosea. Mnamjua, aliyeambiwa akaoe mwanamke wa uzinzi, Gomeri. Sura ya tatu anaambiwa nenda ukampende tena, na anamnunua kwa vipande 15 vya fedha na homeri moja na nusu ya shayiri. Kwa nini fedha na shayiri, wengi wanadhani hela haikutosha ikabidi amalizie na nafaka, mimi napenda kuamini hivyo ila siwezi kuwaapia. Kwa vyovyote huyo ni mume mwenye haki zote za kuwa na wivu, anatoka sokoni kamlipia mkewe mwenyewe. Na Isaya 9 ile tunayoiimba kila Krismasi, maana kwa ajili yetu mtoto amezaliwa, tumepewa mtoto mwanamume, kwaya huwa zinaishia kwenye Mfalme wa amani na watu wanapiga vigelegele, lakini mstari wa saba unafungwa na wivu wa BWANA wa majeshi ndio utakaotenda hayo. Bethlehemu imeletwa na wivu! Hiyo kwaya ya kesho naomba waimbe mpaka mwisho. Tena Zekaria 8, baada ya uhamisho, naona wivu kwa ajili ya Sayuni wivu mkuu, unategemea litafuata tetemeko, kinachofuata ni wazee wamekaa barabarani na mikongojo yao na watoto wa kike na wa kiume wanacheza njiani.

Na Yohana 2 Yesu anaingia hekaluni, anasokota kikoto cha kamba, anapindua meza za wabadili fedha, wanafunzi wanakumbuka Zaburi ya 69, wivu wa nyumba yako utanila. Utanila mimi. Siku hiyo zilitawanyika sarafu na njiwa wakatolewa nje, mtu aliyeliwa na ule wivu ni yeye mwenyewe, na Yohana anaunganisha palepale na hekalu la mwili wake kuvunjwa. Ukitaka kujua wivu wa Mungu unatofautianaje na wa yule mwanaume wa kwenye habari aliyemmwagia mkewe mafuta ya taa, angalia nani anabaki na majeraha.

Na hapo nageukia upande wenu wanandoa, hasa kaka zangu. Kuna kamchezo ka kuazima huu wivu. Mtu anamkagua mkewe simu, anamkataza kazi, anamkatia mawasiliano na dada zake, akiulizwa anakwambia hata Mungu ana wivu, kupenda ndio huko. Kaka, wewe sio Mungu kwenye hiyo ndoa, mko wawili mnaosimama mbele zake. Someni Hesabu 5, sheria ya wivu. Mume akishikwa na roho ya wivu hana ushahidi, anampeleka mke kwa kuhani na unga wa shayiri usio na mafuta wala ubani, kuhani anachukua maji kwenye chombo cha udongo anatia mavumbi ya sakafu ya maskani, anaandika laana anazisuuza kwenye maji, mke anakunywa. Ni sheria ngumu, haina kipimo kama hicho cha mume, na dada akiniambia inamuuma namwelewa. Ila muone haimruhusu mume kunyanyua mkono. Wivu wake unatolewa mikononi mwake unapelekwa kwa Mungu ahukumu mwenyewe. Kwenye nchi ambayo mwanaume aliweza kumaliza mambo na jiwe, hilo ni breki.

Na sisi watumishi tusijifiche. Paulo ameandika 2 Wakorintho 11:2, nawaonea wivu, wivu wa Mungu, kwa kuwa naliwaposea mume mmoja, nimletee Kristo bikira safi. Paulo ni mshenga pale. Mshenga ana haki ya kuhangaika bibi harusi asipotee njiani, lakini mshenga akianza kumtaka bibi harusi hiyo ni aibu ya ukoo mzima. Mchungaji anayekwambia ukihama kanisa langu Mungu mwenye wivu atakufuata, ukimsikiliza mtumishi mwingine umezini, ukienda hospitali umemdharau Mungu, huyo kavaa suti ya bwana harusi. Na hatuongei nadharia, Shakahola kule Kenya, Kaunti ya Kilifi, kuanzia Aprili 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400, watu wa kanisa, watoto wengi, walioambiwa kwa mujibu wa mashtaka wafunge mpaka wafe wakutane na Yesu. Walitengwa kwanza na shule, na kazi, na ndugu. Yule anayekutenga na kila mtu ili ubaki naye yeye, huo ni wivu wa sanamu.

Kwetu sisi wa kawaida, mambo yanaendaga kimyakimya zaidi. Jumapili madhabahuni, Jumanne usiku kwa mtaalamu, yaani mganga, na kitambaa cha biashara, duka liende. Sijaja kumrushia mtu jiwe, najua watu wanaenda huko wakiwa na mtoto mgonjwa au kesi ya shamba, na ukimuuliza vizuri mwisho wa maneno yote anakwambia nimeomba sana sijaona kitu. Ni kauli ya wazee 70 ileile, BWANA ameiacha nchi. Kwa mtu huyo nadhani kumtisha na moto uteketezao hakutoshi, ingawa umeandikwa, Kumbukumbu 4:24. Anahitaji kusikia kwamba hajaachwa, kwamba yuko mwenye wivu naye usiku huohuo anapofunga hicho kitambaa.

Nimeletewa karatasi hapa, swali la mwisho, baba mchungaji naomba dakika tano nisilale nalo. Anauliza, mbona mstari huohuo wa wivu, Kutoka 20:5, unasema anapatiliza wana maovu ya baba zao hata kizazi cha tatu na cha nne, je nyumbani kwetu hatuolewi kwa sababu ya babu, na nimeambiwa kuna maombi maalumu ya kuvunja hiyo laana, ila ni ya kulipia.

Dada, kwanza soma mpaka nukta. Ni cha tatu na cha nne cha wanichukiao, halafu anarehemu maelfu elfu wampendao. Vizazi vitatu vinne ndio walikuwa wanaishi boma moja enzi zile, babu akileta sanamu wajukuu wanakua wanaiona, madhara yanashuka kweli na mimi na wewe tumeyaona kwenye pombe na kwenye vipigo. Lakini hatia hairithiwi kama shamba. Kumbukumbu 24:16 imekataza mtoto kuuawa kwa kosa la baba. Na Ezekieli huyuhuyu wa wivu, sura ya 18, watu walikuwa na mithali yao, baba wamekula zabibu kali meno ya watoto yametiwa ganzi, Mungu akasema sitaki kuisikia tena katika Israeli, roho itendayo dhambi ndiyo itakayokufa. Na wapo wana wa Kora. Kora alimwasi Musa, ardhi ikafunua kinywa chake, kila mtu angesema ukoo umefungwa. Hesabu 26:11 mstari mfupi kabisa, wana wa Kora hawakufa. Baadaye unawakuta Wakora ni wangoja malango ya hekalu, na Zaburi ya 84 ina jina la wana wa Kora juu yake, maskani zako zapendeza kama nini. Hao ndio wa Mungu mwenye wivu, kawapa funguo za mlango.

Kwa hiyo kuombewa uombewe, mje hapa mbele tutaomba na wewe bure. Huyo aliyekutajia bei usimpe, na kama umeshaanza kulipa kwa awamu simamisha leo.